Sura ya Sita: Pingamizi Namba 137

Nyumba ya Pelagia Mpawenimana iliungua Jumapili, tarehe kumi Septemba, mwaka 1995, watu wa Nyakasenyi wakiwa kanisani. Inspekta Khatibu alifika Jumanne, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupiga magoti na kunusa udongo.

Alinusa kizingitini, akanusa kwenye pembe zote nne za nyumba, kisha akazunguka nyuma, ambako mgomba mmoja ulikuwa umebabuka upande mmoja tu. Wanamgambo wawili waliomleta walimtazama. Walikwisha kumwambia kwamba nyumba ilimwagiwa mafuta ya taa, kwamba dumu lenyewe wamelikamata kwa Habonimana, jirani wa mama huyo, na kwamba Habonimana wamemfungia katika chumba cha ofisi ya kata tangu Jumapili mchana. Kwao kesi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni Inspekta kusaini na kuondoka na mtu wake.

Udongo ulinuka majivu na nyasi. Mafuta haukunuka. Khatibu alikuwa mtu wa Ujiji, na katika miaka kumi na saba ya kazi alikwisha kupeleleza maduka matatu yaliyochomwa. Alijua kwamba mafuta ya taa yakishanywewa na sakafu ya udongo, harufu yake haitoki kwa siku mbili. Alitazama kuta. Chini zilikuwa na rangi yao ya siku zote, nyekundu ya mfinyanzi. Weusi ulianza usawa wa kifua na kuzidi kadiri ulivyopanda, na mahali palipokuwa peusi zaidi ni ukingo wa nyuma, pale paa la nyasi lilipokuwa limekutana na ukuta. Moto ulianzia juu ukateremka. Aliandika hayo katika daftari lake, akaandika na saa, kisha akauliza ni nani angetaka kumchoma mama mjane asiye na mtoto.

Mmoja wa wanamgambo alisema jibu limebandikwa ukutani, ofisi ya kata.

Ilikuwa karatasi mbili za daftari la shule, zimeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao: herufi za duara, mistari iliyonyooka. Juu palikuwa na maneno MAJINA YALIYOPINGWA. Wiki zile nchi nzima ilikuwa imemaliza kuandikisha wapiga kura kwa ajili ya Oktoba, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Khatibu awe mtu mzima, na sheria iliruhusu mpiga kura yeyote kumwekea mwenzake pingamizi akiona kwamba hastahili. Waliopingwa Nyakasenyi walikuwa arobaini, wote wa kitongoji cha juu. Sababu ilikuwa moja kwa wote: si raia, ni Mrundi. Na mpingaji alikuwa mmoja kwa wote: Pelagia Mpawenimana.

Khatibu aliuliza, akajibiwa kwa vipande vipande. Watu wa kitongoji cha juu baba zao walitoka Ruyigi, ng'ambo ya mpaka, enzi ya Mwingereza. Walipita hapa kwenda kukata mkonge, wakarudi, wakapewa ardhi na machifu, wakaoa. Kwa muda mrefu hakuna aliyewauliza kitu. Lakini tangu vita viwashe moto upande wa pili miaka miwili iliyopita na makambi kujaa wakimbizi, neno Mrundi lilikuwa limekuwa zito. Aliyefutwa kwenye daftari la kura leo, kesho angeulizwa shamba amelipata wapi, na keshokutwa angepandishwa lori la kambini. Na Pelagia je, yeye ni wa wapi? Wanamgambo walitazamana. Naye ni wa juu, walisema. Ndiyo maana watu waliumia.

Orodha ilibandikwa Jumamosi. Jioni hiyohiyo, mbele ya watu waliotoka kuchota maji, Habonimana alimwambia Pelagia: umetuuza wote, sasa tuone utalala kwa nani.

Khatibu hakuondoka pale ukutani. Alitoa kalamu akanakili orodha nzima, jina kwa jina na namba kwa namba, huku wanamgambo wakihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Alipofika nusu alisimama. Namba za daftari zilifuatana bila kukatika kuanzia mia na kumi na mbili: kumi na tatu, kumi na nne, moja baada ya nyingine. Baada ya mia thelathini na sita ilikuja mia thelathini na nane. Kisha zikaendelea kufuatana hadi mia hamsini na mbili. Alizungushia nafasi hiyo duara, akauliza nani aliandika karatasi hizi. Walisema ni Mwalimu Melkiadi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyekuwa mwandikishaji wa kituo.

Habonimana alikuwa amekaa sakafuni katika chumba chenye magunia matupu ya mbolea. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mrefu, shati lake la Jumapili likiwa bado limefungwa vifungo hadi shingoni. Alijibu kwa Kiswahili cha taratibu chenye lafudhi ya Kiha. Dumu ni lake, ana taa mbili nyumbani. Maneno ya Jumamosi aliyasema, hakuyakana.

"Nyumba uliichoma?" Khatibu aliuliza.

"Nilikuwa kanisani. Waulize."

Khatibu aliliandika jibu hilo kama lilivyo, kwa kuwa halikuwa jibu la swali lake. Kisha akaenda kuwauliza. Katekista na wanakwaya wawili walisema kitu kimoja: wakati wa vipaji, sadaka zikipelekwa altareni, mayowe ya moto yaliposikika, Habonimana alikuwa amesimama ubavuni mwa nguzo ya tatu. Hakuna aliyeweza kusema aliingia saa ngapi.

Hakumfungulia shitaka wala hakumwachia. Alimpakia kwenye Landrova kumpeleka Kibondo, na kusema kweli nusu ya sababu ilikuwa kumtoa mikononi mwa mgambo. Mke wake, Claudine, alikuja hadi kwenye gari na sweta la mumewe, akalikabidhi kwa mikono miwili.

* * *

Siku ya pili Khatibu aligeuza gari kuelekea kusini, njia ya Kasulu. Vumbi la Septemba lilikuwa limepaka majani ya migomba rangi moja na barabara. Alipita mjini adhuhuri, gulio likiwa limemwagika hadi barabarani, akafika Kabanga hospitalini wakati wagonjwa wanapewa uji.

Pelagia aliletwa huko Jumapili na lori la shirika la kuhudumia wakimbizi lililokuwa likirudi Kasulu kutoka makambini. Alilala wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi viwikoni. Alikuwa mwembamba, umri wake ukikaribia sitini. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu, kwa hiyo muuguzi wa wodi, Sista Immakulata, Muha wa Heru, alikaa ukingoni mwa kitanda akafasiri.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Jumapili hakwenda misa, jambo ambalo hakuna anayekumbuka limewahi kutokea, kwa sababu alikuwa na homa tangu Jumamosi usiku. Aliamshwa na moshi. Hakuona mtu, hakusikia hatua. Alitoka.

Khatibu alitazama bendeji. Mtu aliyetoka mapema haungui mikono namna hiyo. Aliuliza, na Sista akafasiri, na mgonjwa akaugeuzia uso kwenye mto wa kulalia.

Sista aliingiza mkono chini ya mto akatoa mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kupigia kura, pembe moja imegeuka kahawia. "Alitoka salama," alisema Sista. "Akarudi ndani kuichukua hii. Ilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa limeshika moto."

Khatibu aliuliza kwa nini. Safari hii Pelagia alizungumza kwa muda, sauti yake haikupanda wala kushuka, na Sista akangoja mpaka amalize.

"Anasema hajawahi kupiga kura hata siku moja. Mume wake alikuwa akisema kura ya nyumba ni moja, na mwenye nyumba ndiye anayekwenda nayo. Amekufa mwaka juzi. Anasema, sasa mwenye nyumba ni mimi."

Inspekta aliishika kadi ile kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya jina palikuwa na alama ya dole gumba, na alama hiyo ilikatwa na mstari mweupe ulionyooka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Aliichora alama hiyo katika daftari lake, akauliza kuhusu mstari huo. Kovu la mundu, alijibiwa. Alijikata akivuna mtama akiwa msichana.

Kisha aliuliza siku ya kujiandikisha ilikuwaje. Pelagia alisema Mwalimu Melkiadi alimpokea vizuri, akampa kiti. Alimwambia karatasi za mjane ni nyingi. Akawa anamsogezea moja baada ya nyingine, naye akibandika dole, mpaka wino ukakauka kwenye dole na Mwalimu akamchovya tena, akakauka akamchovya tena.

"Ngapi?"

Hakuzihesabu. Ilikuwa rundo. Alidhani ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu.

"Alimsomea?"

Sista aliuliza. Pelagia alitikisa kichwa. "Oya," alisema mwenyewe, hapana.

Khatibu alifunga daftari. Alipokuwa akisimama, mgonjwa alisema neno kwa Sista, na Sista akasita kidogo kabla ya kulifasiri. Alikuwa akiuliza mbona hakuna mtu hata mmoja wa kitongoji aliyekuja kumwona. Siku ya nne sasa. Kama kuna msiba kule, aambiwe.

Inspekta alimwomba Sista amwambie kwamba swali hilo atalijibu akishakuwa na jibu kamili. Lilikuwa jambo la kweli, na alijua halikumsaidia.

* * *

Alhamisi asubuhi alikuwa Kibondo, mbele ya meza ya Bi Asmahani, karani wa msimamizi wa uchaguzi. Bi Asmahani alikuwa binti wa wenye maduka wa pale mjini, mwanamke wa miwani na mtandio wa kijivu, anayefuata taratibu kuliko mabosi wake. Alisoma barua ya Inspekta mara mbili, akafungua kabati, akaweka jalada la Nyakasenyi mezani, kisha akakaa upande wa pili akakunja mikono. Utaratibu, alisema, ni kwamba fomu haziachwi peke yake na mtu, hata afande.

Fomu zilipangwa kwa alfabeti. Khatibu aliomba ruhusa ya kuzipanga upya kwa namba, akaruhusiwa. Alizilaza moja moja kama karata, safu nne, zikajaza meza. Kila moja ilikuwa na dole gumba chini, na kila dole lilikatwa na mstari mweupe. Alitumia lenzi kuzilinganisha na nakala ya kadi aliyoichora Kabanga, ingawa macho matupu yangetosha. Hapakuwa na shaka. Madole yote yalikuwa ya Pelagia.

Mwandiko ulikuwa ule wa ukutani.

Alizihesabu. Zilikuwa arobaini na moja.

Alirudi kwenye nafasi aliyoizungushia duara. Baada ya mia thelathini na sita palikuwa na fomu, mahali ambapo ukutani hapakuwa na jina. Aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza akamsukumia Bi Asmahani. Karani alisogeza miwani, akasoma kwa sauti ya chini.

"Anayepingwa, Pelagia Mpawenimana, namba mia thelathini na saba. Sababu, si raia, ni Mrundi. Mpingaji, Pelagia Mpawenimana." Akainua uso. "Mtu hajipingi mwenyewe."

"Hajipingi," alisema Khatibu.

Kisha Khatibu alimweleza anavyoliona jambo lenyewe, naye karani akiwa anaandika, kwa sababu alitaka pawe na shahidi. Namba zinafuatana, maana yake aliyejaza fomu alikuwa na daftari la wapiga kura mbele yake. Kituoni daftari hushikwa na mtu mmoja tu. Alikaa akanakili kitongoji cha juu chote bila kuangalia majina, kama mtu anayevuna mstari hadi mwisho wa shamba, na katikati ya mstari akamvuna na mpingaji wake. Fomu zikaja Kibondo. Alipokaa kuandika orodha ya ukutani ndipo alipoliona kosa. Fomu asingeweza kuirudisha, lakini ukuta ulikuwa wake, kwa hiyo pale akaruka namba moja.

Bi Asmahani aliuliza kikao cha kusikiliza pingamizi, kilichopangwa Jumatatu, kitakuwaje. Khatibu alimwambia kiwepo vilevile. Watu arobaini wamekwisha kuambiwa waje wajieleze. Wacha waje waelezwe wao.

* * *

Mwalimu Melkiadi aliletwa Ijumaa. Alikuja na suti ya kaunda, kalamu mbili mfukoni, akaketi kama mtu aliyeitwa kutoa ushauri. Alikuwa amejiandaa. Alisema kazi ya mwandikishaji ni kupokea, hana mamlaka ya kumkataza mpiga kura kuweka pingamizi. Mama Pelagia alikuja kwa hiari. Kwa kuwa hajui kuandika, alimsaidia kujaza. Sheria inaruhusu. Na siku ya moto alikuwa anaongoza kwaya, watu mia mbili wanamshuhudia.

"La moto nalijua," alisema Khatibu. "Sikukuita kwa la moto. Alikutajia majina yote arobaini kwa kichwa?"

"Aliyataja."

"Kwa mpangilio wa daftari?"

Mwalimu alisema ni yeye aliyeyapanga.

"Jina la mwisho alilolitaja lilikuwa lipi?"

Hakumbuki.

Khatibu aliiweka fomu ya mia thelathini na saba mezani, na kando yake nakala ya orodha ya ukutani, wazi pale namba zilipokatika. Mwalimu alizitazama karatasi hizo kama alivyokuwa akitazama madaftari ya wanafunzi kwa miaka ishirini, jicho likienda moja kwa moja kwenye kosa. Alitoa kitambaa akajifuta mdomo.

Alianza kwa kusema ni uchovu. Kisha akasema mengine. Mwaka uliopita, kwenye uchaguzi wa vitongoji, watu wa juu walisimama pamoja wakamwangusha mtu aliyetakiwa na wakubwa. Oktoba hii shemeji yake anagombea udiwani. Kura arobaini zingeamua. Khatibu alimuuliza kama shemeji huyo alimtuma. Alikana, akasema hilo aliliwaza mwenyewe, na Khatibu akaliandika hivyo, akaweka alama pembeni ya kulirudia.

"Kwa nini Pelagia?"

"Hasomi," alisema Mwalimu. "Na ni wa kwao. Angekuwa mtu wa kitongoji cha chini aliyewapinga, kijiji kingegawanyika."

"Nyumba imeungua, Mwalimu."

"Sikujua watafanya vile."

"Lakini ulijua kwamba naye yumo. Ulimtoa kwenye orodha. Kama ungemwacha, watu wangesoma jina lake pamoja na yao, wangejua naye kadanganywa."

Melkiadi alichomoa kalamu moja mfukoni akaishika bila kuandika, na alipoambiwa aweke sahihi yake chini ya maelezo, alitumia kalamu ya polisi.

* * *

Ilibaki nyumba. Khatibu alipanga ushahidi wake mezani mchana uleule na haukujaa hata nusu ya meza. Dumu halikuwa na kazi, kwa kuwa hapakuwa na mafuta. Vitisho vilisikiwa na watu ishirini, lakini watu ishirini walikuwa na hasira ileile. Watatu walimwona Habonimana kanisani wakati moto unaonekana. Hakimu yeyote angemwachia kabla ya chai ya saa nne. Alimwita Sajini Felisiani wa kaunta, akamwambia amtoe mahabusu na kumwandalia karatasi za kutolewa.

Habonimana alipoletwa, Inspekta alimpa kiti. Aliona ni haki yake kujua. Alimweleza kuhusu rundo la karatasi, dole lililochovywa mara nyingi, fomu arobaini na moja, na namba iliyorukwa. Alisema kwa Kiswahili chepesi, taratibu.

Habonimana alimwomba arudie ile ya mwisho.

Khatibu alirudia. Mama Pelagia alijipinga naye mwenyewe, bila kujua, kama alivyowapinga ninyi bila kujua. Alidhani anaandikishwa.

Mtu yule mrefu alikaa akitazama mikono yake. Nje, lori lilipita likienda stendi, likapotea. Sajini alikuwa amekwisha kuleta karatasi za kutolewa, akazisogeza na kalamu. Habonimana hakuzigusa.

"Hizo zirudishe, Afande," alisema. "Ni mimi niliyeichoma."

Khatibu alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema na atakalosema litaandikwa. Alisema anaelewa, liandikwe. Alichukua kaa la moto jikoni kwake akalifunga ndani ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, kama wanavyobeba moto watu wa shamba, akalichomeka kwenye nyasi za paa kwa nyuma. Kinyesi hushika polepole. Akaenda kanisani, akawahi injili kusomwa. Kila Jumapili ya Mungu mama yule huwa wa kwanza kufika. Alijua ndani hamna mtu. Alitaka akose pa kulala, kama alivyosema. Hakutaka zaidi ya hapo. Kanisani alimtafuta kwa macho mahali pake pa siku zote, asimwone, na hapo ndipo alipotaka kutoka, na yowe likaja kabla hajaondoka penye nguzo.

"Na siku zote hizi ulinyamaza," alisema Khatibu.

"Nilimwona ni mtu aliyetuuza. Sasa siyo."

Aliomba jambo moja. Jumatatu ana kikao. Kama hatafika, jina lake litafutwa, na jina lake likifutwa watoto wake watano watakuwa watoto wa nani. Afikishwe hata na pingu. Khatibu alifikiri kidogo, akasema atafikishwa, na pingu itafunguliwa mlangoni.

* * *

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa halmashauri. Watu wa kitongoji cha juu walitembea tangu alfajiri. Walikaa mabenchi ya nyuma, wengine wakiwa na vyeti vya ubatizo, wengine na stakabadhi za kodi ya kichwa za zamani zilizokatika kwenye mikunjo. Msimamizi alisoma maelezo mafupi. Fomu zimejazwa kwa udanganyifu, mwandikishaji ameshitakiwa, pingamizi zote arobaini na moja zimetupwa. Aliposema arobaini na moja kulikuwa na mnong'ono, kwa sababu ukutani walisoma arobaini. Akaitaja ya arobaini na moja. Mnong'ono ulikufa, na kwa muda hakuna mtu aliyemtazama mwenzake.

Ilikuwa bado utaratibu kila mmoja aitwe na kuitika. Bi Asmahani aliita. Habonimana alipoitwa alisimama karibu na mlango, kati ya askari wawili, akatembea hadi mezani. Claudine alimfuata akampa Biblia. Aliifungua katikati, akatoa kikaratasi cha njano kilichochakaa, akakiweka mbele ya msimamizi.

Msimamizi alimwambia kwa upole kwamba hakuna aliyemuuliza ushahidi wowote.

"Najua," alisema Habonimana. "Nimekuja nayo, nataka ionekane. Ni kadi ya baba. Ya kura ya mwaka sitini na tano. Alama za wagombea zilikuwa jembe na nyumba, yeye akapigia jembe. Kabla ya hapo, wakati wa Mwingereza, walimwambia hana shule wala mshahara, kura si ya watu kama yeye. Ile ndiyo ilikuwa ya kwanza. Alituonyesha kila mwaka."

Msimamizi alikichukua kikaratasi, akakisoma pande zote mbili ingawa upande mmoja haukuwa na maandishi, akakirudisha kwa mikono miwili. Kisha akagonga mhuri kwenye shahada mpya ya kupigia kura ya Habonimana na kumpa.

Wakitoka, Claudine alimwambia Khatibu kwamba Jumamosi yeye na wanawake wawili walipanda lori hadi Kabanga na chakula. Alimweleza Pelagia yote, hata lililofanywa na mumewe. Khatibu aliuliza alisemaje. Hakusema, alijibu Claudine. Aligeukia ukutani. Chakula hawezi kukishika mwenyewe kwa bendeji, na kwa mikono yao alikataa kulishwa. Walingoja mpaka jua likageuka, wakamwachia Sista sufuria. Kesho watakwenda tena.

Kituoni, Sajini Felisiani alifungua kitabu cha mali za mahabusu. Hakimu alikuwa ameahirisha shauri hadi katikati ya Novemba, dhamana imefungwa, na kila aliyekuwepo pale kaunta aliijua tarehe ya uchaguzi wa Oktoba. Habonimana alivua mkanda. Akavua viatu. Akavua rozari shingoni, akaibusu, akaiweka juu ya mkanda. Mwisho akatoa mfukoni ile shahada, mhuri wake bado haujakauka vizuri, akaiweka peke yake, mbali na vingine, isije ikachafuliwa na viatu.

Sajini aliitazama, akamtazama Inspekta. "Na hii niiandike, Afande?"

"Iandike," alisema Khatibu. "Andika na namba yake."

Sajini aliandika. Habonimana aliinama juu ya kaunta akafuata kalamu kwa macho, tarakimu kwa tarakimu, kuhakikisha haikukosewa.